Wasifu wa Mla Chumvi

Kijana wa saiba, nyuma ya soko la Malindi,
ameniuliza jina.
Nyevu Mwambire. Andika hivyo hivyo.
Nilizaliwa mvua imeshika, ndiyo maana yake,
na mvua ndiyo adui wa kazi yangu.
Amecheka. Hilo hakuliandika.

"Elimu?"
Darasa la sita, tena halikwisha.
Vidole vyake vimesita juu ya vibonyezo
kama kuku aliyesikia mwewe.
"Tuseme la nane, mama?"
La. Usinitilie chumvi.
Chumvi naijua mimi.

"Uzoefu?"
Miaka ishirini na sita, mabwawa ya Gongoni.
Amepiga: *Kibarua, 26.*
Neno moja na tarakimu mbili.
Ngoja, mwanangu, hapo pana weupe mwingi,
tia humo.

Tia kwamba maji yakikaribia kuiva
hugeuka rangi ya ufizi wa mtoto,
na usiku huo hulali.
Tia kwamba nayaonja kwa ncha ya ulimi,
nikasema *bado*, au nikasema *tayari*,
na watu arubaini wakashika mapauro
au wakakaa chini.
Tia ile chumvi chungu inayokuja mwisho:
ukichelewa kuyafungulia maji yake
umeyaharibu mavuno ya mwezi.
Tia kwamba mwaka ule wa elinino
ukingo ulipasuka saa nane za usiku,
tukauziba kwa viroba, viroba vikaisha,
na kanga yangu moja imo mle hadi leo.

"Mama, ukurasa ni mmoja tu."

Kampuni imeleta kijiti cha kioo chenye namba.
Aliyekuja nacho kutoka chuoni ana adabu,
sina neno naye. Huniita shangazi.
Huzamisha kijiti, husoma,
kisha hunitazama usoni kabla ya kuandika.
Nikikunja uso, huzamisha tena.
Yeye ana mkataba.
Mimi nina siku: ukija, umelipwa,
usipokuja, hukuzaliwa.

Sasa wametwambia tuziombe upya kazi zetu,
barua na wasifu, mwisho Ijumaa,
kama mtu kupigishwa hodi
kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake,
na anayeitika ndani
anauliza, nani wewe?

Zamani mtu mzima akisifiwa
huambiwa amekula chumvi nyingi.
Mimi niliila kweli. Niliila kwa vidole,
kwa macho, kwa nyufa za nyayo,
niliila hata katika maziwa niliyomnyonyesha Sidi.
Juzi zahanati wamenipima presha.
Daktari akasema, punguza chumvi.
Nikafikiri: kumbe na ofisini wamemsikia,
wameanza kuwapunguza walioila.

"Wadhamini?"
Bosi wa kwanza alikufa. Wa pili alihama na funguo.
Andika Kadzo Ruwa, tumebebana karai
tangu hatuna mvi.
"Ana simu?"
Huyo hapo kwenye benchi, nyuma yangu,
anangoja kuandikiwa wake.
Yeye ameniandika mimi.

Shilingi mia mbili, pamoja na bahasha.
Karatasi imetoka ina joto,
safi, nyembamba, imenyooka kuliko mimi.
*Kibarua, 26.* Na chini yake, kwa huruma yake kijana,
*mchapakazi, hupenda kushirikiana.*
Nimeitazama sana.
Halafu, mazoea tu, sikukusudia,
nimeigusa pembe yake kwa ulimi,
kijana akiniangalia, Kadzo akiniangalia.

Bado, nikasema.
Kadzo akakaa chini.